Valvu za Mayu Ngolo

Bariadi, Jumapili jioni

Kabula binti yangu,

Mama yako yuko jikoni anafunga michembe ya viazi na karanga kana kwamba unakwenda kuishi mahali ambapo watu hawali. Nauli, shuka, namna ya kumsalimia shangazi yako ukifika Mwanza, mtu gani usimwachie mzigo kwenye treni: hayo yote amekwisha kukuambia, na kesho asubuhi atayarudia stendi mbele za watu. Simwingilii. Mimi nimekaa hapa dukani, nimesukuma nyaya pembeni, naandika. Ukiona karatasi ina tundu ujue ni pasi ya kulehemu, si machozi. Machozi yapo pia, lakini hayatoboi karatasi.

Nataka kukuandikia habari ya redio ya Mayu Ngolo, yule mama mjane. Utasema, "Baba, mimi si nilikuwepo?" Ulikuwepo, tena ulifanya kazi kuliko mimi. Ila wewe ulikuwa upande ule wa meza, mimi nilikuwa upande huu, na kuna mambo ya upande huu ambayo sijawahi kukuambia. Nikikaa na wewe uso kwa uso nitaanza kutania, kisha nitakutuma koleo.

Huko chuo cha ufundi Dar es Salaam huenda watacheka ukitaja valvu. Siku hizi ni transista tu, redio inaingia mfukoni. Lakini baba yako alikula kwa vile vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani, na wewe umevaa sare za shule kwa vichupa hivyo hivyo. Kimoja kikifa redio nzima inanyamaza, na kuvipata imekuwa shida kweli kweli. Duka la ushirika halina. Mwanza wanakuambia agiza Dar, Dar wanakuambia fedha za kigeni hakuna. Fundi wa valvu amekuwa mtu wa kuzunguka akichungulia vitu vilivyotupwa.

Nilijifunza kazi Mwanza, kwa bwana mmoja aliyekuwa na duka karibu na soko. Kule umeme ulikuwepo, na redio zilizoletwa zilikuwa makabati ya mbao ya kubebwa na watu wawili. Ukiichomeka, valvu zinaanza kuwaka taratibu, nyekundu kama makaa. Mkubwa wangu alinifundisha mambo mawili siku ya kwanza. La kwanza, geuza redio, tazama mgongoni. Valvu isiyowaka imekufa, itoe. La pili, mteja asisikie kamwe ukisema hujui. Fundi asiyejua husema "njoo kesho". Nilirudi Bariadi na hayo mawili, nikayafanyia kazi miaka yote, na watu wakaniita fundi. Sikuwahi kujiuliza kama yalikuwa kweli mahali ambapo umeme haujafika.

Basi ndipo akaja Mayu Ngolo. Ni mwaka ule watu waliokuwa wakiishi mbalimbali kwenye mashamba yao walipohamishiwa kijiji kipya. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yake, redio ameifunga kwa kanga mbili na kuilaza juu ya majani ya viazi. Wewe ulikuwa shuleni, hukuona alivyoishika. Hakutaka hata nimpokee.

"Mwadila, fundi," akanisalimu.

"Mwadila, Mayu. Karibu ndani."

"Nimekuletea mgonjwa. Tangu baba yake Masanja afariki huyu hajasema neno."

Ilikuwa redio ya betri, ile aina waliyotengenezewa watu wa vijijini zamani, na valvu zake nne ndogo, hazizidi kidole gumba, na betri mbili: ndogo ya kuwashia valvu, kubwa ya kusukuma sauti. Nikamuuliza kwa nini ameikumbuka sasa. Akasema mwanawe Masanja yuko kambi ya jeshi, kule kusini, ana mwaka wa pili hajaonekana nyumbani. Mwenzake aliyekuja likizo amemwambia kuwa watu wa redio walifika kambini na mashine zao, wakawarekodi vijana wakiimba, na baadhi yao wakatoa salamu kwa wazazi. Masanja alitoa. Zitatangazwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jioni.

Nami nikajifanya mtu wa busara. "Mayu, mwenyekiti wa kijiji chenu si ana redio ndogo?"

"Anayo. Anaibeba popote, hata chooni anaenda nayo. Na Jumamosi hiyo yuko semina." Akafungua fundo la kanga, akaifuta redio vumbi ambalo halikuwepo. "Hata angekuwepo nisingeenda. Nyumba ya baba yake Masanja tumeivunja kwa mikono yetu tukahamia kule. Kitu cha baba yake kilichobaki ni hiki. Mtoto akija, aingie kwa baba yake. Asiingie kwa mwenyekiti."

Nikafungua mgongo wa redio, nikaunga betri ndogo ile ya kuwashia nyuzi za ndani ya valvu, nikainama kutazama. Giza. Nikafunika kwa mikono kuzuia mwanga wa mlangoni, nikatazama tena. Giza vile vile. Nikanyanyuka na kusema kwa sauti ya daktari, "Zimekufa zote nne. Njoo kesho."

Kabula, mita ya kupimia ilikuwa inaning'inia ukutani, umbali wa mkono. Kupima uzi wa valvu ni kazi ya kufumba na kufumbua. Sikuigusa, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamekwisha kuamua. Nimeona watu wakiharibu kazi kwa kutojua, lakini mimi hiyo niliiharibu kwa kujua. Nilijua sana. Nilijua ya Mwanza.

Nikazichomoa zote nne nikazitupa kwenye lile kopo la maziwa, pamoja na maiti nyingine. Na wiki ile ile akapita Mzee Lushinge, yule mganga wa upande wa mtoni, kuomba "vioo" kama kawaida yake. Unajua alivyopenda ile rangi ya fedha iliyo ndani ya kioo cha valvu, alisema inaonyesha yaliyofichika. Akachambua kopo, akachagua mojawapo ya zile nne, akaitazama juani, akanibariki, akaenda zake. Nikacheka sana baada ya yeye kuondoka. Leo kicheko kile kinanikaa vibaya.

Kisha tukaanza kutafuta. Hii safari nadhani ndiyo uliyoipenda zaidi, maana ulikaa juu ya marobota ya pamba mpaka Nyalikungu ukiimba. Mzee Shabani mwenye duka la vitambaa alitufungulia stoo yake, na humo mlikuwa na kabati la redio na santuri aliloachiwa na mwenye duka wa zamani. Panya walikuwa wamehamia. Tulipata valvu moja tu isiyovunjika, kubwa kama chupa ndogo ya soda, ya umeme, na imekufa. Haikutufaa kwa lolote. Mzee Shabani akasema, "Chukueni, msirudi mikono mitupu," na wewe ukaifunga kwenye leso kama yai.

Tukaenda Lamadi. Tuliambiwa kuna mama muuza dagaa ana redio ya aina ile ile ya Mayu Ngolo. Tulimkuta ameiweka juu ya gunia, imegeuza mgongo wazi ipate hewa, inasoma taarifa ya habari kwa sauti kubwa huku wateja wakibishana bei. Betri yake kubwa ililetwa na mvuvi mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, na alisema ikiisha hiyo basi tena.

Nikamwomba aniuzie valvu mbili.

"Nikuuzie? Halafu mimi nisikilize nini, dagaa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikiwa nacheka nao nikainama kuchungulia mgongoni mwa redio ile, mazoea tu. Ilikuwa giza. Valvu nne, hakuna hata moja iliyowaka. Na redio ilikuwa inaongea.

Zile ndogo za betri haziwaki kama za umeme, Kabula. Uzi wake ni mwembamba mno, unapata joto kidogo tu, kwa mchana huoni kitu. Watoto wa darasa la kwanza la chuo chenu bila shaka wanafundishwa hivyo wiki ya kwanza. Mimi nilifundishwa na mama wa dagaa, nami nilikuwa fundi wa miaka mingi mwenye kibao cha rangi mlangoni.

Nilikugeukia. Ulikuwa umeinama pia, umeona. Ulinitazama, hukucheka, ukaniuliza polepole, "Baba, basi za Mayu zilikuwa nzima?" Nikakuambia twende tukapande gari. Njia nzima hukuimba tena.

Ngoja nikuambie nilichokuwa nikiwaza njiani, maana hukujua. Nilikuwa nikipanga uongo. Tatu zilikuwa bado kwenye kopo, hizo ni rahisi, ningezirudisha na kumwambia Mayu Ngolo nimezipata Lamadi kwa taabu kubwa. Lakini ya nne ilikuwa kwa Mzee Lushinge, na nilimpa mwenyewe, na nilimwambia mbele za watu kwamba imekufa. Ningeanzia wapi kuidai? Nikaona heri redio isipone kuliko watu wajue. Ndivyo nilivyowaza, mwanangu. Mama mmoja anataka kusikia sauti ya mwanawe, na mimi nahesabu heshima yangu.

Kwa hiyo Mayu Ngolo alipokuja nikamwambia njoo kesho. Alipokuja tena, njoo kesho. Aliporudi mara nyingine tena, Jumamosi imekaribia, nilimwona kwa mbali nikaingia nyuma ya pazia nikakunong'oneza, "Mwambie baba hayupo, aje kesho."

Nilisikiliza kutoka nyuma ya pazia. Nilisikia ukivuta kigoda. Nikasikia ukisema, "Mayu, kaa. Baba yupo. Valvu zako zilikuwa nzima, tulikosea kuzitazama. Tatu tunazo. Moja iko kwa Mzee Lushinge."

Ulisema tulikosea. Ulikuwa shuleni siku nilipozitazama, lakini ulisema tulikosea.

Nilitoka na hasira ambayo nadhani hujaisahau. Nilikwambia umenivua nguo mbele ya mteja. Nilisema na mengine, sitayaandika hapa, na naomba kama uliyabeba uyashushe kabla hujapanda basi kesho. Nilingoja Mayu Ngolo aanze kunifokea ili nipate mtu mwingine wa kugombana naye. Yeye akapiga makofi mara moja, akacheka.

"Kumbe ziko hai! Mimi nililia usiku kucha nikidhani zimekufa kweli, nikasema na redio nayo imemfuata mwenyewe." Akasimama. "Lushinge namjua. Twende wote. Jumamosi haituambii njoo kesho."

Tulikwenda watatu, mimi nyuma kabisa. Mzee Lushinge alikuwa ameitundika valvu kwa uzi mweusi katikati ya vibuyu vyake. Alikataa. Alisema kile kioo kimezoea, kimeanza kuona, na hawezi kukitoa kwa kazi ya kupigia miziki. Mimi nilianza kuleta maneno mengi, kwamba nitamtengenezea tochi bure, kwamba serikali haipendi mambo haya. Ndipo wewe ukafungua leso yako ukatoa ile valvu kubwa ya Mzee Shabani. Rangi yake ya fedha ilijaa nusu ya kioo. Macho ya mzee yakatoka.

Ungeweza kumwambia lolote. Ungeweza kusema kimetoka Ulaya, kinaona mara kumi. Mimi ningesema. Wewe ukamwambia, "Mzee, sikufichi, hiki kimekufa. Hicho chako kidogo ndicho kizima. Lakini hiki ni kikubwa na kinang'aa zaidi, na sisi kwetu hakina kazi."

Mzee Lushinge akakigeuza, akakitazama mbele na nyuma. "Kufa si neno," akasema. "Wote ninaoongea nao hapa wamekufa." Akakata uzi mweusi, akakupa kile kidogo, akachukua kile kikubwa, na akatukaribisha maziwa ya mgando.

Wiki nzima nilikuwa nazunguka wilaya kutafuta njia isiyopitia kwenye ukweli, na ukweli ulichukua muda wa kunywa kibuyu kimoja cha maziwa. Si kwamba kila mara huwa rahisi hivyo. Kuna siku utasema "sijui" au "nimekosea" na watakucheka kweli, hasa wavulana huko, ambao watadhani umefika kwa kubebwa. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakucheka. Naweza kukuambia tu kwamba mimi nilikaa nyuma ya pazia, na nyuma ya pazia kuna joto, hakuna hewa, na unasikia kila kitu.

Ilibaki ile betri kubwa. Hiyo kweli ilikuwa imekufa, kwa mita safari hii, na haipatikani popote. Wewe ndiye uliyesema kwamba kazi yake ni kusukuma kidogo tu lakini kwa nguvu nyingi, hivyo hata betri za tochi zilizochoka, zikipangwa mstari mrefu, zitafika. Sitasahau Mayu Ngolo alivyopita nyumba kwa nyumba kijijini kwao akiomba betri zilizotupwa. Watu walizitoa kwenye mapaa, kwenye vyungu, kwenye michezo ya watoto. Zikaanikwa juani kwenye nyungo kama mtama, maana hiyo kila mtu anaijua, betri iliyochoka ukiianika inapata pumzi kidogo. Ukazipanga kwenye karatasi za magazeti zilizoviringishwa, kichwa kwa mkia, na mimi nikakushikia taa ingawa ilikuwa mchana, kwa kuwa nilitaka na mimi niwe na kazi. Betri mpya mbili za kuwashia valvu zilitoka kwenye tochi ya mwalimu wa elimu ya watu wazima, akasema darasa la Jumamosi litakuwa hapo hapo kwa Mayu Ngolo.

Jumamosi kijiji kizima kilikuwa uani. Redio tuliiweka ndani, mlangoni, juu ya kigoda cha marehemu. Mayu Ngolo alitaka hivyo. Ulipoizungusha swichi ilikaa kimya. Valvu zote giza. Mkono wangu ulitaka kuifunua na kuanza kuchomoa, nakuambia kweli, ulinyanyuka wenyewe. Ukasema, "Ngoja kidogo, baba." Nikangoja. Halafu ikakohoa, ikapiga mluzi, na Dar es Salaam ikaingia kwenye ile nyumba mpya yenye udongo ambao ulikuwa haujakauka vizuri.

Waliimba kwanza. Kisha vijana wakaanza kutoa salamu, mmoja mmoja, haraka haraka kama wanaosukumwa. Na katikati yao: "Mimi Masanja, namsalimu mama yangu Ngolo. Mayu, mwadila. Mimi ni mzima."

Nilidhani atalia, au atapiga vigelegele. Mayu Ngolo alijiinamisha mbele ya redio, akaitikia. Aliitikia kama mtu anavyoitikia kwetu, bila kuruka kitu. "Mwadila, baba. Umeshinda salama? Chakula mnapata? Sisi tumehama, ila wote tuko salama. Ng'ombe yule mwekundu amezaa. Baba yako yuko hapa." Masanja alikuwa ameshapita, mwingine alikuwa anamsalimu shangazi yake wa Tabora, na Mayu Ngolo bado anajibu. Hakuna mtu uani aliyecheka. Hata watoto walingoja amalize. Alipomaliza akanigeukia akasema, "Fundi, sauti yake imenenepa. Wanamlisha."

Nilitoka nje nikajifanya natazama waya wa antena.

Naogopa, Kabula. Nakuambia wazi, naogopa Dar es Salaam, naogopa treni, naogopa hili duka litakavyokuwa kesho saa nne wewe hupo. Lakini furaha yangu ni kubwa kuliko hofu. Siku ile uani niliwaza kwamba yule kijana, aliposema maneno yake mbele ya ile mashine, huenda aliona aibu, akaona anasema na chuma. Hakujua kwamba huku kuna mama ameinama mlangoni anamjibu neno kwa neno.

Kwa hiyo ukiwa huko, hata siku utakapoona umebaki peke yako na hakuna anayekuelewa, wewe sema. Tusalimu kwa sauti, popote ulipo. Tutakuitikia.

Baba yako,
fundi wa Bariadi